Fizikia ya Joto Ikikushinda Chuoni: Anza na Mpaka, Fomula Baadaye

Matokeo ya mwaka wa pili yalipotoka nilikuwa na sapu moja, yaani mtihani wa kurudia, nayo ilikuwa ya fizikia ya joto. Nilirudi nyumbani Kigoma kwa treni, na begi la nguo, desa nene nililotoa kopi kwa wenzangu wa mwaka wa juu, na wiki saba za kujiandaa. Desa lenyewe nilikuwa nimelikariri karibu lote. Ungeniamsha usiku wa manane ningekuandikia milinganyo minne ya Maxwell ya fizikia ya joto bila kukosea hata alama moja. Lakini ukiniuliza entropi ni nini, nilikuwa na sentensi moja tu, "kipimo cha vurugu," na sentensi hiyo haikuwahi kunipa hata nusu maksi.

Leo nafundisha fizikia sekondari hapahapa Kigoma. Kila likizo ndefu vijana niliowafundisha wanarudi kutoka vyuoni na shida ileile: wamepiga msuli kweli, hawakuzembea, na bado somo limewakataa. Ninawapa njia iliyonitoa mimi, na ndiyo hii ninayoiandika. Andaa daftari jipya, pasti pepa za miaka kadhaa, sufuria, pampu ya baiskeli, na bao la kuchezea kama lipo nyumbani. Ukiweza kuazima kipimajoto cha maabara kinachofika nyuzi 110, azima. Usitumie cha kupimia homa, kinaishia nyuzi 42 na kwenye maji ya moto kitapasuka.

Hatua ya kwanza: tenganisha maneno

Funga desa kwa siku tatu. Hutapoteza chochote.

Katika Kiswahili cha kila siku neno "joto" tunalibebesha mizigo miwili. Tunasema leo joto kali, tunasema pia jiko linatoa joto. Chuoni tunafundishwa kwa Kiingereza, na huko kuna maneno mawili tofauti. Tunayaandika vizuri daftarini, ila yakifika kichwani yote mawili yanageuka kuwa "joto" lilelile. Mimi ninaamini sapu nyingi za somo hili zinaanzia hapo, siku ya kwanza ya muhula, na mwanafunzi hajui.

Neno letu tunalo: jotoridi. Jotoridi ndilo linalosomwa na kipimajoto. Joto ni nishati inayohama kutoka kwenye jotoridi la juu kwenda la chini kwa sababu ya tofauti hiyo. Kuna na neno la tatu, nishati ya ndani, yaani jumla ya nishati ya molekuli zote zilizomo kwenye kitu.

Sisi watu wa Kigoma tuna mfano mzuri wa jambo hili. Pale Kibirizi mizigo inapakiwa kwenye boti kwenda Kongo na Burundi, na mingine inashushwa. Fikiria mfanyabiashara mwenye ghala la magunia 200. Mengine yalikuja kwa reli, mengine kwa ziwa. Yakishaingia ghalani yamechanganyika, huwezi kulisimamia lundo ukasema haya ni ya reli na haya ni ya ziwa. Unachoweza kusema ni mawili tu: ghalani kuna magunia mangapi sasa, na leo yamevuka mlangoni mangapi, kwa njia ipi.

Nishati ya ndani, U, ni magunia yaliyomo ghalani. Joto, Q, na kazi, W, ni njia mbili za kuvuka mlango. Kwa hiyo swali "sufuria hii ina joto kiasi gani ndani yake" halina jibu, kama ambavyo ghala halina "ureli" ndani yake. Mimi nilikuwa naandika ΔQ kila mahali, mhadhiri anakata kwa kalamu nyekundu, na sikuelewa kosa langu. Alama Δ maana yake ni kilichopo sasa toa kilichokuwepo. U inakuwepo, hivyo ina ΔU. Q haikuwepo popote, ilivuka tu, hivyo inaandikwa Q basi.

Ukilishika hili, ile mada ya vitendaji vya hali (vinavyotegemea hali ya sasa tu, kama U) na vitendaji vya njia (vinavyotegemea njia iliyopitwa, kama Q na W) umeshaimaliza. Salio la ghala halikumbuki njia.

Hatua ya pili: kabla ya fomula, chora mpaka

Kila swali, hata la maksi mbili, chora kwanza mstari wa nukta kuzunguka kitu unachokichunguza. Andika ndani kuna nini. Kisha jiulize ukuta huo unapitisha nini: joto? kazi? vitu vyenyewe? Weka mshale kwa kila kinachovuka. Hapo ndipo uandike kanuni ya kwanza ya fizikia ya joto, ile inayosema nishati ya ndani inabadilika kwa joto na kazi vilivyovuka mpaka.

Kuhusu alama za kujumlisha na kutoa, vitabu vinatofautiana. Vingine vinaandika ΔU = Q − W, ambapo W ni kazi inayofanywa na gesi kwenda nje. Vingine, hasa vya kemia, vinaandika ΔU = Q + W, ambapo W ni kazi inayofanywa juu ya gesi. Zote mbili ni sahihi, kuzichanganya ndiko kunakoua. Chagua ile ya mhadhiri wako na uiandike juu ya kila ukurasa unaofanyia maswali.

Sasa chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu kwa kidole, sukuma haraka mara kumi, kisha gusa sehemu ya chini ya pampu. Imepata moto, na hakuna jiko karibu. Chora mpaka kuzunguka hewa iliyomo ndani: joto halijaingia, kwa sababu nje hapakuwa na kitu cha moto zaidi. Kilichoingia ni kazi ya mkono wako. Q ni karibu sifuri, U imepanda, na jotoridi limepanda nayo. Msuguano nao unachangia kidogo, kwa hiyo pumzisha pampu ipoe, rudia bila kuziba tundu, ulinganishe. Tofauti utaihisi kwa vidole.

Fanya na hesabu yake. Hewa ya kelvini 300 ikibanwa hadi nusu ya ujazo wake bila joto kutoka, jotoridi linakuwa 300 × 2 kwa kipeo cha 0.4 (kipeo hicho ni γ − 1; γ ni uwiano wa joto maalumu la gesi kwenye mgandamizo usiobadilika na lile la kwenye ujazo usiobadilika, na kwa hewa ni 1.4), sawa na kelvini 396, yaani nyuzi 123 za Selsiasi. Pampu yako haitafika huko kwa sababu chuma kinanyonya joto upesi, lakini sasa unajua namba hiyo inatoka wapi.

Hatua ya tatu: ingia jikoni

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo somo lilipofunguka kwangu.

Nilipima lita mbili za maji yenye nyuzi 25, nikayabandika kwenye jiko la mkaa nyuma ya nyumba, nikatumbukiza kipimajoto nilichoazima. Jotoridi lilipanda vizuri mpaka maji yakaanza kutokota, kisha likasimama kwenye 97. Nikasubiri lifike 100. Halikusogea. Nikaongeza mkaa, nikapepea, maji yakatokota kwa fujo, na zebaki imebaki palepale. Nikasema kipimajoto kibovu.

Mama alikuwa pembeni anachambua dagaa. Akaniambia, "Mwanangu, unanimalizia mkaa. Maji yakishachemka hayaongezeki moto, yanapungua tu. Punguza, funika."

Nilikaa na maneno yale mpaka jioni. Mama hajasoma fizikia, lakini alikuwa amenieleza joto fiche kuliko desa langu lilivyonieleza. Mkaa unaendelea kuingiza joto, jotoridi halipandi, kwa sababu karibu nishati yote inatumika kuzing'oa molekuli za maji kutoka kwa wenzake ziwe mvuke. Nikafungua daftari:

Kuyafikisha nyuzi 97: 2 × 4,186 × 72, sawa na jouli 603,000 hivi.
Kuyageuza yote mvuke: 2 × 2,260,000, sawa na jouli 4,520,000.

Kuyamaliza maji yaliyokwisha kuchemka kunahitaji nishati zaidi ya mara saba ya ile ya kuyachemsha. Ndiyo maana mama hupunguza mkaa sufuria ikitokota. Moto mkubwa hauivishi maharage mapema zaidi, unageuza fedha ya mkaa kuwa mvuke.

Ikabaki 97. Kipimajoto hakikuwa kibovu. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapa kwetu mgandamizo wa hewa ni kama kilopaskali 92.4 badala ya 101.3 za pwani. Maji huchemka pale mgandamizo wa mvuke wake unapolingana na wa hewa iliyo juu yake, na huku kwetu hewa inakandamiza kwa nguvu ndogo kuliko pwani. Mlinganyo wa Clausius na Clapeyron, niliokuwa nimeukariri bila kujua kazi yake, ndio unaotoa jibu:

ln(P₂/P₁) = −(L/R)(1/T₂ − 1/T₁)

Namba 1 ni ya pwani, namba 2 ni ya Kigoma. Weka L, joto fiche la mvuke, = 40,660 J kwa moli, R, namba isiyobadilika ya gesi, = 8.314, na T₁ = 373.15 K. Uwiano wa migandamizo ni 0.912, na ln yake ni −0.092. Fanya kwa mkono, usichungulie. Utapata T₂ ya kelvini 370.5, sawa na nyuzi 97.4.

Nilipoipata namba ile niliirudia mara tatu. Mlinganyo wa ukurasa wa 88 ulikuwa umeijua sufuria ya mama. Kama uko Tabora, kwenye mita 1,200 hivi, fanya hesabu yako utapata karibu nyuzi 96. Fanya na ya kijiji chenu. Ukiifanya kwa mahali unapopajua, hutausahau mlinganyo huo.

Hatua ya nne: ulizia kilichoshikiliwa

Wengi hawaangushwi na fizikia bali na derivativu za sehemu, zile zenye herufi ndogo chini ya mabano. Herufi ile ndogo si pambo. Inakuambia ni kitu gani kimeshikiliwa kisibadilike, na ukiibadilisha, jibu linabadilika.

Rudi kwenye pampu. Ukisukuma taratibu sana, joto linapata muda wa kutoka, jotoridi linabaki lilelile, na kwa gesi kamilifu badiliko la mgandamizo kwa ujazo ni −P/V. Ukisukuma haraka, joto halipati muda, na badiliko ni −γP/V, ambapo γ kwa hewa ni 1.4. P ni ileile na V ni ileile, majibu mawili. Na mkono unaijua tofauti: pampu ya kusukumwa haraka ni ngumu zaidi.

Tenga siku nne kwa hesabu hizi peke yake. Milinganyo ya Maxwell usiikariri tena. Jifunze kuizalisha kutoka kwenye dU = TdS − PdV, inachukua dakika kumi, na hata ukiisahau kwenye chumba cha mtihani utaizalisha upya.

Hatua ya tano: hesabu entropi kwa kete za bao

Desa nyingi zinakupa entropi mbili bila kukuambia ni ndugu. Ya kwanza ni ya Clausius, aliyelitunga neno lenyewe mwaka 1865: badiliko lake ni joto linalovuka kwa utaratibu unaoweza kurudishwa nyuma, gawanya kwa jotoridi. Ya pili ni ya Boltzmann: S = k ln Ω, ambapo Ω ni idadi ya namna ambazo mfumo unaweza kujipanga ndani bila mtu wa nje kuona tofauti, na k ni 1.38 × 10⁻²³ J/K. Anza na ya Boltzmann, maana hiyo unaweza kuishika mkononi.

Kaa kwenye bao. Chukua mashimo manne tu: mawili ya kushoto ni kitu kimoja, mawili ya kulia ni kitu kingine. Kete nne ni vifungu vinne vya nishati. Kete zinafanana, haijalishi ni ipi iko wapi, kinachohesabiwa ni shimo lipi lina ngapi.

Kete zote zikiwa kushoto, zinaweza kukaa 4-0, 3-1, 2-2, 1-3 au 0-4. Namna 5, na kulia kuna namna 1 tu, tupu. Jumla 5. Sasa hamishia kulia kete moja: kushoto zina namna 4, kulia namna 2, zidisha, 8. Mbili kwa mbili: 3 × 3, namna 9. Kisha 8, kisha 5. Zipange kweli kwa mkono, usiniamini mimi.

Tazama kilichotokea kete ya kwanza ilipohama. Upande uliokuwa nazo nyingi ulipungua kutoka namna 5 hadi 4, hasara ndogo. Upande uliokuwa mtupu uliongezeka kutoka 1 hadi 2, mara mbili nzima. Nishati inaelekea pale ambapo kifungu kimoja kinafungua njia nyingi zaidi. Hiyo ndiyo maana ya ule mlinganyo unaowatisha watu, 1/T = ∂S/∂U: kitu cha baridi ni kile ambacho nishati kidogo inakiongezea namna nyingi. Joto linatoka kwenye moto kwenda kwenye baridi bila kusukumwa na mtu, kwa sababu upande ule ndiko kuliko na namna nyingi.

Na tofauti ya 5 na 9 ni ndogo kwa sababu kete ni nne. Bao kamili lina mashimo 32 na kete 64. Ligawe nusu kwa nusu, mashimo 16 kila upande. Kete zote zikiwa upande mmoja kuna namna kama 5.4 × 10¹⁵. Zikigawana 32 kwa 32 kuna namna kama 5.6 × 10²³, yaani mara milioni 100 zaidi. Hiyo ni kete 64 tu.

Rudi sasa kwenye sufuria. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke kwa kelvini 370.5, entropi inaongezeka kwa 2,260,000 gawanya kwa 370.5, kama 6,100 J/K. Gawanya kwa k. Unapata kama 4.4 × 10²⁶, na hicho ni kipeo tu: namna zimezidishwa kwa e yenye kipeo hicho. Clausius na Boltzmann wamekutana kwenye sufuria moja. Siku nilipoifanya hesabu hii niliacha kusema "vurugu," na sijalitumia neno hilo darasani tangu hapo.

Hatua ya sita: diskasheni na maswali

Sasa fungua pasti pepa, si kabla. Swali moja kwa siku lililofanywa kwa mpaka, mishale na vipimo linazidi maswali kumi uliyoyasoma majibu yake. Ukikwama dakika arobaini, lifunike, kalale, urudi kesho.

Kwenye diskasheni, kataa mtu mmoja kuandika ubaoni huku wengine wananakili. Kila mmoja achukue swali lake na alieleze kwa Kiswahili kwanza, kisha aliandike kwa Kiingereza cha mtihani. Anayeshindwa kulieleza kwa Kiswahili hajalielewa bado, na hapo ndipo kundi limsaidie.

Mwulize mhadhiri. Najua tunavyoogopa kuonekana hatujui. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu Sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliotiwa kwenye friji ungali wa moto ukiganda kabla ya ule uliopoozwa. Alicheza na swali hilo miaka kadhaa, akachekwa, akaendelea kuuliza. Alipomuuliza Denis Osborne, mwanafizikia aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Osborne alilipeleka maabara, na mwaka 1969 wakachapisha matokeo pamoja. Wanafizikia wanabishana juu yake hadi leo, na wanalitaja kwa jina la Mpemba. Swali lenyewe lilihusu mada hii hii unayosapu.

Hatua ya saba: ndani ya chumba cha mtihani

Badili kila jotoridi kuwa kelvini kabla ya kuandika kitu kingine chochote, isipokuwa palipo na tofauti ya majotoridi tu, ambapo nyuzi na kelvini ni sawa. Chora mpaka. Andika kanuni yako ya alama pembeni ili msahihishaji aione. Ukikwama katikati, eleza kwa sentensi moja unachojua kinavuka na kwa upande gani, mara nyingi kuna maksi za hilo.

Kisha pima jibu lako kwa vitu unavyovijua. Ukipata maji ya Kigoma yanachemka kwa nyuzi 60, umekosea alama mahali. Ukipata injini yenye ufanisi unaozidi 1 − T ya baridi gawanya kwa T ya moto, kikomo alichokionyesha njia Sadi Carnot mwaka 1824, usifute ukurasa mzima kwa hofu. Rudi kwenye mchoro wako, hesabu mishale. Kwa uzoefu wangu ni mmoja kati ya viwili: umeacha nyuzi za Selsiasi mahali palipotaka kelvini, au umesahau mshale wa joto linalotoka upande wa baridi.